Karatasi ya Agosti

Agosti inapofika na shule nyingi za Marekani kufunguliwa, mwanafunzi wa darasa la 11 aliyechagua somo la juu la historia ya nchi yake hurudi nyumbani siku ya kwanza na karatasi mkononi. Huwa kurasa tatu au nne zilizobanwa pini. Zinaeleza kwamba kitabu kinene kitasomwa karibu sura moja kila wiki, na kwamba kukisoma ni kazi ya nyumbani, si ya darasani. Jaribio fupi laweza kuja asubuhi yoyote bila tangazo. Insha ikichelewa siku moja inakatwa maksi, ikichelewa zaidi haipokelewi. Anayenakili kazi ya mwenzake anapata sifuri na mzazi anaitwa. Mwishoni kuna mistari miwili mitupu, mmoja wa saini ya mwanafunzi na mwingine wa mzazi wake.

Mzazi aliyetoka kazini jioni huenda akatia saini bila kusoma hadi mwisho. Lakini somo lenyewe litamfundisha mtoto wake, mwaka mzima, kuliuliza kila andiko maswali yale yale: nani aliandika, lini, akiwa katika hali gani, na alikuwa akimwambia nani? Karatasi ya Agosti nayo ikiulizwa hivyo ina mengi ya kusimulia. Kila sharti lililomo lina umri wake. Baadhi yalizaliwa katika shule za bweni za watu wenye uwezo mwanzoni mwa miaka ya 1950, mengine yalitokana na malalamiko ya wazazi maskini, mengine na vikao vya bodi za shule ambako watu wazima walipigiana kelele. Yote yanazunguka jambo ambalo Wamarekani hawajaacha kuligombania: kijana wa miaka 16 aaminiwe kiasi gani na historia ya taifa lake.

Ugomvi huo ulianza kabla somo halijapata jina. Mwaka 1892 chama cha taifa cha walimu kiliunda kamati ya watu kumi, chini ya Charles W. Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili ichunguze kinachofundishwa sekondari. Katika kundi lililoshughulikia historia alikuwamo profesa wa Princeton aliyeitwa Woodrow Wilson, ambaye miaka 20 baadaye angechaguliwa kuwa rais wa nchi. Madarasa ya wakati ule yalikuwa ya kukariri. Mwanafunzi alisimama, akairudisha aya kama ilivyo kitabuni, akakaa, na aliyefuata akasimama. Mwaka 1899 kamati nyingine, ya watu saba, iliyoteuliwa na chama cha wanahistoria wa Marekani, ilipendekeza miaka minne ya historia: ya kale kwanza, kisha ya Ulaya, kisha ya Uingereza, na mwisho kabisa ya Marekani pamoja na elimu ya uraia. Historia ya nyumbani iliachwa imsubiri mwanafunzi akomae. Sehemu hiyo ya pendekezo ilishika mizizi, na hadi leo shule nyingi huifundisha katika darasa la 11.

Vyuo navyo vilikuwa na tatizo lao. Kila kimoja kilitunga mtihani wake wa kuingilia, na mwalimu wa sekondari hakujua amwandae mwanafunzi kwa upi. Mwaka 1900 ikaundwa bodi ya pamoja, ile ile inayoitwa leo College Board, na Juni 1901 watahiniwa 973 wakafanya mitihani yake ya kwanza. Historia ilikuwa miongoni mwa masomo, na majibu yalikuwa insha zilizoandikwa kwa mkono.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vyuo vilifurika. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi ilijaza madarasa, na walimu wa vyuo wakaanza kuona kasoro ambayo hapo awali ilifichwa na uchache wa wanafunzi. Vijana hodari walitumia mwaka wa kwanza kurudia mambo waliyokwisha kuyasoma. Shule tatu za bweni, Andover, Exeter na Lawrenceville, zikaketi meza moja na Harvard, Princeton na Yale kulichunguza jambo hilo, kwa fedha za mfuko uliotokana na Ford Foundation. Ripoti yao ilitoka 1952. Ilisema wazi kwamba miaka miwili ya mwisho ya sekondari na miwili ya mwanzo ya chuo ingepaswa kupangwa kama safari moja, si safari mbili zinazokanyaga njia ile ile.

Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Gambier, Ohio, rais wa Chuo cha Kenyon, Gordon Chalmers, alikuwa akifuata wazo linalokaribiana na hilo kwa njia ya vitendo zaidi. Alivikusanya vyuo 12, vikiwemo Williams, Oberlin, Swarthmore na MIT, vikubaliane kiwango: somo la chuo likifundishwa sekondari lifananeje, na mwanafunzi atakayelimudu apewe nini. Mtendaji wa mradi huo alikuwa William Cornog, mkuu wa Central High School ya Philadelphia. Jina hilo lina uzito wake hapa, kwa sababu Central ni shule ya umma. Tangu siku ya kwanza, basi, mpango huu ulikuwa na wazazi wawili, shule ya bweni ya matajiri na shule ya serikali ya mjini, na mtoto amekuwa akivutwa na pande zote mbili tangu hapo.

College Board iliuchukua mradi mwaka 1955 na kuuita Advanced Placement, AP kwa kifupi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanahistoria, Charles Keller wa Chuo cha Williams. Mei 1956 wanafunzi 1,229 kutoka shule 104 walifanya mitihani ya kwanza, na historia ya Marekani ilikuwemo. Kwa nchi yenye mamilioni ya wanafunzi wa sekondari, hao walikuwa kikombe cha maji kutoka ziwani.

Mwaka huohuo, 1956, profesa wa Stanford aliyeitwa Thomas A. Bailey alichapisha kitabu cha kiada kilichoitwa The American Pageant. Aliandika kwa uchangamfu, akiwaeleza marais na majenerali kama watu wenye hasira, tamaa na makosa, na vijana wakakipenda. Baada ya Bailey kitabu kikapokelewa na wanahistoria wengine, David Kennedy na Lizabeth Cohen, kikapanuliwa na kuandikwa upya mara kwa mara. Kimekuwa kikibebwa begani na vizazi vitatu. Karatasi ya Agosti inaposema sura moja kila wiki, mara nyingi kitabu kinachokusudiwa ni hicho.

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Fedha za serikali zilizofuata, chini ya sheria ya mwaka 1958, zilikwenda kwanza kwenye hisabati, sayansi na lugha za kigeni. Historia ililazimika kungoja marekebisho ya 1964. Hata hivyo hofu hiyo iliufaa mpango mzima. Wazo la kuwatenga vijana wenye vipawa na kuwapa kazi ngumu, ambalo lingeweza kuonekana la kibaguzi, sasa lilivaa sare ya ulinzi wa taifa.

Badiliko kubwa kuliko yote katika somo hili halikutoka Washington wala Harvard. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakisahihisha insha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati ya mtihani, ambayo padri Giles Hayes alikuwa mjumbe wake, iliona kwamba insha nyingi zinafanana kwa udhaifu ule ule. Mtahiniwa alikuwa akipapasa kumbukumbu, akitupa tarehe na majina aliyoyakumbuka nusunusu, bila hoja inayoyashikilia. Mtihani ulikuwa unapima kumbukumbu huku ukidai kupima fikra. Mwaka 1973 likaingizwa swali la aina mpya: swali la nyaraka.

Namna linavyofanya kazi ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Mtahiniwa anapewa bunda la vipande vya zamani: barua, hotuba, katuni ya gazetini, jedwali la bei, ramani, shajara ya mtu asiyejulikana. Miaka ya mwanzo vilikuwa vingi zaidi. Siku hizi ni saba. Vipande hivyo havikubaliani, na vimechaguliwa kwa sababu hiyo. Mwanafunzi anatakiwa kuvisoma, kuvipanga, kugundua nani anadanganya na nani anajitetea, kisha kujenga hoja yake mwenyewe na kuitetea kwa ushahidi huo, akiongeza anayoyajua nje ya bunda.

Mwaka 1988, kwa mfano, watahiniwa waliwekewa kauli mbele yao: kwamba uamuzi wa kuidondoshea Hiroshima bomu la atomiki ulikuwa hatua ya kidiplomasia ya kuwatisha Wasovieti zaidi ya kuwa hatua ya kijeshi. Waliambiwa waipime. Ni vizuri kuwaza maana yake. Vita Baridi ilikuwa haijaisha, Ronald Reagan alikuwa Ikulu, na maelfu ya vijana wa miaka 16 na 17, wengi wao wajukuu wa askari waliopigana Pasifiki, waliketi katika vyumba vya mtihani wakipima kama nchi yao ilikuwa na sababu nyingine iliyofichwa. Hawakulazimishwa kukubali wala kukataa. Aliyeandika kwamba bomu lilikuwa la lazima aliweza kupata alama za juu, na aliyeandika kinyume chake pia, mradi ushahidi wake umesimama.

Hiyo ndiyo tofauti inayostahili kuangaliwa kwa makini na kila anayejali elimu ya historia, popote alipo. Swali la kukariri lina mwenye jibu, naye ni mtungaji wa mtihani. Swali la nyaraka linamkabidhi kijana ghala la ushahidi na kumwachia funguo.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuweka mwaka 1973, swali la nyaraka lilipoingizwa, kando ya wake. Ni mwaka huohuo ambapo sheria ya Bunge iliunda Baraza la Mitihani la Tanzania, nchi ikiwa imekwisha kujitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki. Na wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliosoma historia wanaijua Marekani kwa upande wao: muhtasari uliotumika kwa miaka mingi uliwapa mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, wakakutana na Booker T. Washington, Du Bois na Marcus Garvey, na mada nyingine ya namna Marekani ilivyoinuka kuwa dola kubwa la kibepari. Kijana wa Tabora na kijana wa Ohio wamekuwa wakisoma matukio yale yale kwa maswali tofauti.

Insha zote hizo lazima zisomwe na binadamu. Kila Juni walimu wa sekondari na wahadhiri wa vyuo hukusanyika, hugawanywa mezani kwa makundi, husoma kwanza insha za mfano mpaka wote wakubaliane alama ya kila moja, kisha huanza kazi, siku baada ya siku kwa muda wa wiki moja. Kwa miaka mingi usahihishaji wa historia ya Marekani ulifanyika Louisville, Kentucky. Walimu wanaorudi kutoka huko husema wamejifunza zaidi kuliko katika semina yoyote, kwa maana wameona kwa macho yao jinsi hoja nzuri inavyoandikwa na mtoto wa shule wasiyoijua. Mwongozo wa alama wanaoutumia hatimaye hushuka hadi darasani. Swali la nyaraka sasa lina alama saba: ya hoja kuu, ya kuliweka tukio katika wakati wake, za ushahidi, na za kuchambua chanzo na kuonyesha utata wa jambo. Karatasi nyingi za Agosti huambatisha jedwali hilo lote. Hivyo mwanafunzi anajua tangu mwanzo kinachotafutwa, jambo ambalo mtahiniwa wa 1956 hakuwa nalo.

Mtihani wenyewe ni wa saa tatu na robo. Una maswali 55 ya kuchagua katika dakika 55, maswali matatu ya majibu mafupi, swali la nyaraka la saa nzima lenye robo ya alama zote, na insha ndefu ya dakika 40. Hadi 2010 aliyebahatisha na kukosea katika maswali ya kuchagua alikatwa robo ya alama. Sharti hilo likaondolewa 2011. Matokeo ni namba moja hadi tano. Vyuo vingi huanza kumhesabia mwanafunzi somo akipata tatu au nne, vingine hudai tano, na vichache havihesabu kabisa.

Namba hizo zilipoanza kuwa na thamani ya fedha, mlango ukawa hoja. Anayepata tano anaweza kuruka somo zima la chuo, na ada yake. Shule nyingi pia huupa mpango huu uzito zaidi katika wastani wa alama: A ya darasa la kawaida ni nne, A ya hapa ni tano. Kwa hiyo shule isiyo na masomo haya inawapeleka watoto wake kwenye maombi ya chuo wakiwa wamefungwa mkono mmoja. Julai 1999 shirika la kutetea haki za raia, ACLU, liliishtaki California kwa niaba ya wanafunzi wa Inglewood, mji wa watu weusi na Walatino karibu na Los Angeles. Shule yao ilikuwa na masomo machache mno ya AP, wakati shule za vitongoji vya matajiri vya jirani zilikuwa na orodha ndefu. Madai yao hayakuwa magumu kuyaelewa: mtoto hawezi kuhukumiwa kwa kozi ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuisoma.

Kesi hiyo na kelele zake zilisukuma majimbo na shule kuufungua mpango. Masharti ya zamani ya kuingia, barua ya mwalimu, alama fulani mwaka uliotangulia, jaribio la uandishi, yalianza kuondolewa katika shule nyingi na kuachwa uamuzi wa mwanafunzi mwenyewe. Hapo karatasi ya Agosti ikapata kazi mpya. Mlango uliokuwa na bawabu sasa ulikuwa wazi, na masharti yaliyoandikwa ndiyo yaliyobaki kumwonya anayeingia kuhusu mzigo ulio mbele yake. Karatasi ile ile yaweza kuwa mwaliko katika darasa moja na tishio katika jingine, kutegemea mwalimu aliyeiandika na jinsi anavyoisoma mbele ya watoto.

Kupanuka huko kulileta shaka nyingine. Je, darasa lenye jina la AP katika mji mmoja ni sawa na la mji mwingine? College Board ilijibu kwa ukaguzi. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2007–08 kila mwalimu alitakiwa kupeleka muhtasari wake wa somo ukapitiwe na wahadhiri, na shule isiyopitishwa haikuruhusiwa kutumia jina hilo. Urefu wa karatasi ya Agosti una asili yake hapa kwa kiasi kikubwa. Mwalimu aliyekuwa akiandika ukurasa mmoja alijikuta akieleza kwa maandishi vitabu, nyaraka, idadi ya insha na ratiba, kwa msomaji asiyemwona.

Kisha ukaja mwaka 2014.

Kwa miongo mingi College Board ilikuwa imewapa walimu orodha fupi tu ya mada. Walimu wakalalamika kwamba hawajui kitakachoulizwa, wakakimbizana na kitabu kizima ili wasipatwe na swali lisilotarajiwa. Oktoba 2012 bodi ilitoa mwongozo mpya, mnene, uliogawa historia katika vipindi tisa kuanzia 1491, mwaka mmoja kabla ya Columbus, ili mwanafunzi akutane kwanza na jamii za Wahindi Wekundu zikiwa zimesimama zenyewe kabla ya kugongana na Ulaya. Ulitakiwa kuanza kutumika mwaka wa masomo uliofungua milango Agosti 2014. Mwalimu mstaafu wa New Jersey, Larry Krieger, aliusoma na kukasirika. Iko wapi sifa ya nchi? Mbona Benjamin Franklin na Martin Luther King hawatajwi kwa majina? Waandishi walijibu kwamba mwongozo unaweka dhana na kumwachia mwalimu achague mifano. Jibu halikutosha. Agosti 2014 kamati ya taifa ya chama cha Republican ilipitisha azimio la kuulaani.

Moto uliwaka hasa katika wilaya ya Jefferson, pembezoni mwa Denver, Colorado. Septemba mjumbe wa bodi ya shule alipendekeza iundwe kamati ya kukagua mtaala wa somo hili. Zana za kufundishia zikuze uzalendo, heshima kwa mamlaka na manufaa ya soko huria, wala zisihimize vurugu za kiraia au kudharau sheria. Wanafunzi walisoma pendekezo hilo kama walivyofundishwa kusoma waraka wowote. Wakauliza nani ameliandika na anataka nini. Halafu wakatoka madarasani. Mamia walisimama kando ya barabara wakiwa na mabango, siku baada ya siku, katika shule moja baada ya nyingine. Walimu wengi nao waliaga kwamba wanaumwa, na shule kadhaa zikafungwa kwa siku hizo. Mabango yaliuliza swali lililowashinda wakubwa: bila kuvunja sheria, ile chai iliyomwagwa katika bandari ya Boston mwaka 1773 ingefundishwaje? Na wale vijana weusi walioketi kwenye viti vya mgahawa wa Greensboro mwaka 1960, wakakataa kuondoka?

Mapema Oktoba bodi ililegeza, ikaacha maneno yaliyowasha moto na kukubali wanafunzi, walimu na wazazi wawe sehemu ya ukaguzi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2015, wapiga kura waliwaondoa wajumbe watatu waliokuwa na wingi kwenye bodi hiyo. Watoto wa miaka 16 hawakupiga kura ile, lakini ni vigumu kuisimulia bila wao.

Huko Oklahoma, Februari 2015, kamati ya bunge la jimbo ilipitisha kwa kura 11 dhidi ya 4 muswada wa kulizuilia somo hilo fedha za umma. Mwandishi wake akauondoa baada ya wazazi kupandwa na ghadhabu kwamba watoto wao wangepoteza somo la chuo la bei nafuu. Julai 2015 College Board ikatoa mwongozo uliosahihishwa. Waasisi wa taifa wakapata nafasi zaidi, na imani kwamba Marekani ni taifa lisilofanana na mengine ikatajwa. Wapo waliosema bodi imesalimu amri, wapo waliosema imesikiliza. Anayesoma miongozo yote miwili kwa utulivu ataona kwamba utumwa, kufukuzwa kwa Wahindi Wekundu na vita vya Vietnam vilibaki, na kwamba sehemu kadhaa za maandishi zilikuwa bora baada ya kusukumwa. Ugomvi wenyewe ulikuwa somo la nyaraka, safari hii likiwa na nchi nzima mezani.

Miaka mitatu baadaye mzozo wa aina hiyo uligusa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa wachache huku walisikia. Somo la dada, la historia ya dunia, lilikuwa likianzia zama za kale, na walimu walilalamika kwamba ni refu mno. Mwaka 2018 College Board ilitangaza kwamba mtihani wake utaanzia 1450. Walimu na wanafunzi wakapinga: ukianza 1450, Afrika inaingia jukwaani karibu na meli za Wareno. Kilwa ni mfano dhahiri. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wa majengo yake. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa mapema katika karne ya 14, lilikuwa limesimama juu ya bahari kwa miongo mingi kabla ya 1450. Mwanafunzi anayeanzia mwaka huo angekutana na Kilwa ikikaribia 1505, mwaka ambao Francisco de Almeida aliivamia na kuipora. Bodi ilirudi nyuma Julai 2018 na kuweka 1200. Miaka 250 iliyorudishwa ndiyo iliyobeba dhahabu ya Sofala, misikiti ya matumbawe na majahazi ya pepo za kaskazi na kusi.

Pwani hiyo hiyo imo katika somo jipya zaidi la familia hii, la historia na maisha ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, lililojaribiwa kuanzia 2022 katika shule takriban 60. Linaanza barani Afrika, na miji ya Waswahili ina nafasi yake humo pamoja na Zimbabwe Kuu. Januari 2023 jimbo la Florida lilikataa lifundishwe katika shule zake.

Wakati shule za umma zikipigania kuingia katika AP, baadhi ya shule za matajiri zilianza kutoka. Juni 2018 shule nane za binafsi za Washington na vitongoji vyake, Sidwell Friends na St. Albans zikiwemo, zilitangaza kwamba zitaachana na AP ifikapo 2022. Zilisema mtihani unabana ufundishaji na kwamba zinaweza kubuni kozi zao za kina. Huenda ni kweli. Ila shule ya aina hiyo ina jina linalomfungulia mtoto milango hata bila namba ya tano. Mtoto wa Inglewood hana.

Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ugonjwa wa korona, watahiniwa walifanyia mtihani nyumbani, kwenye meza za jikoni na hata ndani ya magari yaliyoegeshwa karibu na intaneti ya bure. Ulipunguzwa ukawa swali moja tu la dakika 45. Kati ya vyote ambavyo bodi ingeweza kuvibakiza, ilibakiza swali la nyaraka, likiwa na nyaraka tano.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwaka 2023 karibu nusu ya watahiniwa wa historia ya Marekani walipata tatu au zaidi. Mwaka 2024, baada ya College Board kubadili namna ya kupanga viwango, walizidi asilimia 70. Walimu wamegawanyika kama hapo haki imetendeka au kipimo kimelegezwa. Watahiniwa sasa ni zaidi ya 400,000 kwa mwaka, na ada ya mtihani inakaribia dola 100, ikiwa na punguzo kwa familia zenye kipato kidogo. Mei 2025 kalamu iliwekwa chini: nyaraka zikasomwa kwenye kioo cha kompyuta na insha zikachapwa.

Darasani, baadhi ya walimu wameelekea upande mwingine. Programu za akili mnemba zinaweza kuandika insha ya nyumbani kabla chai haijapoa, na karatasi ya Agosti imeongezewa aya ambayo mtahiniwa wa Juni 1901 angeielewa bila kufafanuliwa: insha zitaandikwa humu ndani, kwa mkono, mwalimu akiwa amesimama mbele.